Mita Tatu Kila Jumamosi

Mimi ni mtu wa maneno. Nimezaliwa Tanga, na mama aliyekuwa akigombana hata na jiko likichelewa kuwaka, na sikuona sababu ya kuwa tofauti naye. Mume wangu ndiye aliyekuwa mkimya. Watu waliotutembelea hapa Fordsburg, Johannesburg, walikuwa wakisema nyumba yetu ina redio moja na msikilizaji mmoja. Nilikuwa nacheka nao. Nilidhani ni sifa, wallahi.

Kabla hajaugua alikuwa fundi wa magari, na si magari yote. Alikuwa fundi wa rotari. Injini za magari ya watu wengine zina pistoni zinazopanda na kushuka. Rotari haina. Ndani yake mna chuma cha pembe tatu chenye mashavu yaliyotuna, kama sambusa iliyoshindiliwa nyama, na sambusa hiyo inazunguka ndani ya chumba chake. Kwenye kila pembe kuna ufito mwembamba wa chuma uliolala ndani ya mfereji, kazi yake ni kuteleza ukutani na kuzuia pumzi ya injini isivuje. Fito zikiwa huru, gari linaruka. Zikinasa, huna gari. Haya nayajua kwa sababu sambusa mbili za namna hiyo zilikaa juu ya meza yangu ya chakula miaka minne, alipokuwa akijenga injini ya gari lake kipande kwa kipande. Nilizishonea kitambaa cha kuzifunika. Wageni walidhani ni mapambo ya kutoka Tanga.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la Kijapani, la milango miwili, taa zake za mbele zinalala ndani ya boneti na kuamka ukibonyeza swichi. Lilikuwa na kelele za kutia aibu. Tukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kule Marshalltown, vijana wanashusha vioo wanamwamkia, "Sharp, timer!", yaani safi, mzee. Mimi najivuta mtandio usoni, yeye anatabasamu na kukanyaga mafuta kidogo ili wasikie vizuri. Mtu mzima na mvi zake! Nilikuwa namsema njia nzima mpaka nyumbani.

Na alikuwa akinieleza habari za hiyo injini. Hilo nalikiri mapema nisije nikaonekana nasingizia watu. Jioni akinawa mikono kwa sabuni ya unga alikuwa akiniambia kwamba rotari inakunywa oili yake yenyewe kwa makusudi, ili zile fito zisikauke, na ndiyo maana inajaa masizi. Dawa yake ni kuikimbiza ikiwa imechemka, masizi yaungue yatoke. Ubaya wake ni kuiwasha kidogo na kuizima ikiwa baridi, maana hapo masizi yanaganda na mafuta yanajaa ndani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nimeshika kanzu ya mteja, nahesabu vifungo. "Enhe," nikamwambia. "Enhe." Nilimwitikia miaka yote hiyo na sikuzingatia hata neno moja.

Kiharusi kilimkuta asubuhi, kazini, chini ya gari la mteja. Kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua ulimi. Mkono wa kushoto ukabaki, lakini mzito, hauna hamu. Daktari akasema anasikia na anaelewa, akasema nizungumze naye sana. Kuniambia mimi nizungumze sana! Nikamwambia daktari, kwa hilo wewe lala usingizi wako. Tukapatana mimi na mume wangu kwamba akifumba macho na kufumbua ni ndiyo, akiyakodoa ni hapana. Basi nikawa namuuliza. Una njaa? Nikugeuze? Baridi? Maswali yangu yote yalikuwa ya tumbo na ya shuka.

Mchana nilikuwa naye kwenye kibanda changu cha kushonea, kule kwenye jengo la maduka, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya madera na suruali za kupunguza. Nilimfungia ubao mbele ya kiti, wa kuwekea sahani. Mkono wa kushoto ulikaa juu ya ubao huo kutwa nzima. Haukuinuka kwa ajili ya chakula. Haukuinuka binti yetu alipokuja kutoka Durban na kumlilia mapajani. Mimi niliomba sana, nikasoma dua na kumpulizia, nikausugua kwa mafuta ya habasoda. Ukakaa tu.

Sasa kuna jambo la jengo letu tunamokaa. Uwani kuna nafasi za magari, na msimamizi wa jengo, mtu wa Kizulu, mrefu, mwenye heshima zake, ana sheria aliyopewa na mwenye nyumba: gari lisilotembea ni skrap, na skrap haikai uwani. Walishawahi kukuta watu wamelala ndani ya gari bovu, na panya wakazaliana ndani ya jingine. Kwa hiyo kila Jumamosi saa nne anapita na daftari lake kuona kama kila gari limesogea tangu wiki iliyopita, kwa injini yake lenyewe, siyo kwa kusukumwa. Lisiposogea, anampa mwenyewe wiki moja.

Mimi sijui kuendesha. Najua mbele na nyuma tu, alinifundisha zamani tukagombana siku ya pili tukaacha. Lakini mita tatu nani hawezi? Kila Jumamosi namshusha mume wangu uwani, namweka penye jua, naingia garini, nawasha, nasogea mpaka ukutani. Jumamosi inayofuata narudi nyuma mpaka kwenye mstari. Nikifika nazima hapo hapo, maana gari lile lilikuwa na moshi na ngurumo, na ghorofa ya chini kuna jirani mwenye mtoto mchanga. Mimi nina maneno mengi lakini adabu ya jirani ninayo. Pia nilisikia ukiwasha gari kila wiki betri haifi. Nikajiona fundi.

Na ile Jumamosi ya kwanza, nilipogusa ufunguo ili kuzima, mkono wa mume wangu uliinuka.

Uliinuka kweli, nikauona kwa macho yangu haya. Ukashuka kwenye ubao, mara mbili. Ta-ta. Ukainuka tena. Ta-ta. Nikatoka garini nikipiga vigelegele, majirani wakafungua madirisha. "Anashangilia! Mume wangu anapiga makofi!" Nikambusu kichwani mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu tuoane. Machozi yalikuwa yakimtoka. Nikamfuta kwa upindo wa khanga nikamwambia, lia baba, lia, ni furaha hiyo.

Toka siku hiyo ikawa ndiyo dawa. Wiki nzima mkono umelala, Jumamosi saa nne unaamka. Nawasha, nasogea, nashika ufunguo, na yeye ta-ta, ta-ta kwenye ubao. Nilikuwa namtania, "Haya, mashabiki wametosha, mechi imekwisha," kisha nazima. Miaka miwili na zaidi tulikwenda hivyo. Shoga zangu wa Fordsburg niliwahadithia mpaka wakachoka. Binti yetu akanipigia simu akaniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu hakisemi, kwamba magari kama lile yana wanunuzi wengi, niliuze tu. Nikamwambia thubutu! Baba yako hana kingine kinachomwinua mkono.

Basi ikaja Jumamosi gari likakataa. Nikazungusha ufunguo, stata ikalia, injini haikushika. Nikarudia. Harufu ya petroli ikajaa uwani. Mume wangu alikuwa ananitazama, mkono uko juu ya ubao na haukuinuka. Msimamizi akaja na daftari lake, akasimama muda mrefu kuliko kawaida yake. "Eish, mama," akasema. "Jumamosi ijayo." Akaandika.

Usiku na mchana wa siku nne nilikuwa na wazo moja tu. Gari likiondoka, mkono ule hautainuka tena, na mkono usipoinuka mimi nitakuwa nimekaa na nani? Nitakuwa naongea na nani? Ndivyo nilivyokuwa nawaza, nasema kama ilivyokuwa, sijipambi.

Alhamisi nikampata fundi mmoja Mkongomani anayekaa Yeoville, mtu wa Lubumbashi, aliyefanya kazi chini ya mume wangu miaka mingi pale karakana. Mume wangu alikuwa akimsifu, na yeye hakuwa mtu wa kusifu. Akaja na teksi, begi la spana begani. Kwanza alimwendea mume wangu, akapiga goti, akamshika ule mkono kwa mikono miwili. "Mukubwa," akasema, "niko hapa." Ndipo akafungua boneti.

Alichomoa plagi akanionyesha. Nyeusi tii, imevaa ganda.

"Kalamini, mama. Moteri imejaa kalamini."

"Huo ni ukoko," nikamwambia.

Nao ulikuwa ukoko kweli, ule ule wa sufuria ya wali uliosahaulika motoni. Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza, "Nani alikuwa anawasha hii gari?"

"Mimi."

"Unaitembeza mpaka wapi?"

Nikamwonyesha ukuta.

"Na unaizima saa ngapi?"

"Hapo hapo. Kuna mtoto mdogo pale chini."

Akafuta ile plagi kwa tambara, akaifuta tena wakati ilikuwa haifutiki. "Mukubwa hakukukataza?"

"Mukubwa ana mdomo wa kukataza?" Nilimfokea, maana nilihisi nalaumiwa kwenye uwanja wangu mwenyewe. "Huoni hali yake?"

Akasema pole, mama. Akanieleza. Zile fito za pembeni zilikuwa zimenasa kwenye mifereji yake kwa ukoko, na ndiyo maana injini haina pumzi. Njia ya haki ni kuifungua yote na kuikwangua juu ya meza, kazi ya wiki nyingi. Sisi tulikuwa na siku mbili. Njia ya pili ni kuiosha bila kuifungua. Unatia oili nyepesi kwenye matundu ya plagi, unazungusha injini kwa mkono ili ienee, unaiacha iloweke mpaka kesho. Kisha unaiwasha, ikishachemka unainywesha maji kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, injini ikiwa inavuma. Maji yanageuka mvuke ndani na mvuke unabandua ukoko.

"Kama sufuria," nikasema.

"Njo vile, mama. Kama sufuria. Lakini kalamini ikitoka unga, muzuri. Ikitoka kipande, kipande kinavunja ufito. Ufito ukivunjika, kwisha."

Nikamwambia sufuria nimeosha tangu nina miaka sita na sijavunja hata moja. Akachukua chupa ya oili akaanza kutia.

Ijumaa alasiri, baada ya watu kutoka msikitini, tukaanza. Alirudisha plagi, akaunga betri. Stata ililia, ikalia, ikalia, mpaka nikaanza kusoma Kulhuwallahu. Mara injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika! Moshi mweupe ukajaa uwani mpaka kuta hazionekani, jirani akafunga dirisha kwa kishindo, na mimi nikapiga kelele, "Samahani jirani, leo tu!" Polepole ule mlio ukakaa sawa. Nilikuwa nimeusahau. Kwa mita tatu gari halikuwahi kuutoa.

Lazima mtu mmoja akae garini akanyage mafuta na mwingine awe mbele na maji. Hivyo nilikaa mimi. Fundi akaniambia mshale wa mizunguko ya injini niushike kwenye tatu, usipande, usishuke. Yeye akainama nyuma ya boneti iliyo wazi, simwoni, ameshika chupa na mpira wake. Mume wangu tulikuwa tumemweka ubavuni, karibu na gurudumu la nyuma, upande ambao upepo hauleti moshi. Nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni.

Mkono ukainuka. Ta-ta, ta-ta. Jamani, nilifurahi! Wiki mbili nilikuwa sijauona. Sauti siisikii kwa ngurumo, lakini naona mkono unapanda na kushuka, mara mbili, unapumzika, mara mbili. "Anashangilia!" nikampigia kelele fundi. "Endelea!" Fundi akainua dole gumba juu ya boneti. Nyuma, kwenye egzosi, lilikuwa likitoka vumbi jeusi juu ya sementi. Ukoko ulikuwa unatoka. Mguu uliniuma nikauacha uume. Nilikuwa nafanya kitu, mnaelewa? Miaka miwili ya kumlisha na kumgeuza, na leo nafanya kitu ambacho mwisho wake ni yeye kupona kidogo. Ndivyo nilivyoamini.

Tulikwenda hivyo kama dakika kumi. Kisha nikaona kwenye kioo kwamba mkono umebadilisha mdundo. Sasa ulikuwa unapiga mara tatu. Ta-ta-ta. Haupumziki sana. Ta-ta-ta. Ulikuwa unapiga kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, ubao unaruka. Uso ameuelekeza kwangu, macho ameyakodoa.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, "Wee fundi! Mzee leo kachangamka, mpaka kabadilisha ngoma! Ongeza!"

Fundi akaongeza.

Kulikuwa na mlio mmoja, tak, kama mtu aliyevunja fimbo kavu gotini. Gari likatikisika. Ule mvumo mzuri ukakatika nusu, ukawa unachechemea, kisha ukafa wenyewe mguu wangu ukiwa bado chini. Fundi akaja mlangoni, akanitoa, akakaa, akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka kirahisi, kwa haraka, kama haina kitu cha kuzungusha. Hata mimi nilisikia kwamba ndani mle hamna pumzi tena. Alizungusha mara moja tu. Akachomoa ufunguo akauweka juu ya paja lake.

"Mama," akasema. "Uliniambia amebadilisha ngoma. Alipiga ngapi?"

Nikampigia juu ya paa la gari. Ta-ta-ta.

Akaweka uso kwenye usukani. Nikamwambia nini? Sema basi, nini? Na akanieleza, bila kuniangalia. Pale karakana magari yakivuma hakuna anayemsikia mwenzake. Mume wangu aliwafundisha wote lugha ya kugonga bodi. Aliye mbele anagonga, aliye garini anafuata. Moja, washa. Tatu, zima, zima sasa hivi, kuna kitu kinavunjika. Mukubwa alikuwa amekaa ubavuni, alikosikia kile kipande kikigonga kabla ya mtu mwingine yeyote. Ametuambia tuzime.

"Na mbili?" nikauliza.

Sikutaka kuuliza. Mdomo wangu uliuliza wenyewe kama kawaida yake.

"Mbili ni usizime, mama. Iache ichemke."

Nilimgeukia fundi wa watu kwa hasira. Nikamwuliza mbona hakuniambia siku zote hizo, mbona kaniacha nakaa pale kama mpumbavu, wao wana lugha yao na mimi hakuna aliyenipa. Nilimsema maneno mabaya ambayo hakuyastahili. Alingoja mpaka nikamaliza. "Nilidhani unajua," akasema. "Wewe njo bibi yake."

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kiti. Mkono ulikuwa umerudi kulala juu ya ubao, vifundo vya vidole vimechubuka. Nikamwuliza. Zile Jumamosi zote, ulikuwa unanikataza nisizime? Akafumba macho, akafumbua. Nikamwuliza, na machozi? Yalikuwa ya hasira? Akafumba, akafumbua. Miaka miwili nilikuwa nafuta machozi yale kwa khanga na kumwambia ni furaha, naye anasikia. Ningeweza kumwuliza swali hilo siku ya kwanza kabisa. Lugha ya macho tulikuwa nayo. Sikumwuliza kwa sababu nilikwisha kujijibu.

Jumamosi saa nne msimamizi alikuja. Nilimwomba, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu kitu Johannesburg hii. Nilimwambia habari za mkono, nikachanganya Kiingereza na Kizulu changu kibovu. Alivua kofia yake akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika sana kwa ajili ya baba, lakini gari halikusogea na yeye pia ana mtu wa kumjibu. Hakuwa na kosa. Ningefurahi angekuwa na kosa.

Jumatatu lori likaja na mnyororo. Kijana wa lori akaingia garini kulegeza breki, akagusa swichi nyingine kwa bahati mbaya, na zile taa za mbele zikaamka zote mbili, zikawaka vizuri kabisa mchana kweupe. Betri ilikuwa nzima. Betri nilikuwa nimeitunza. Wakalivuta hivyo hivyo, taa zimeamka, mpaka likapinda kona. Mume wangu nilikuwa nimemwacha ndani na pazia nimelifunga, lakini mlio wa mnyororo nadhani aliusikia.

Wiki ile sikuongea. Kwenye kibanda wateja waliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nashona na kumtazama, nashona na kumtazama. Niliogopa kusema kitu, maana kila nilichowahi kumsemea nilikuwa sijui tena kama kilikuwa kweli. Supu ya pweza ambayo nilikuwa natangaza kwamba anaipenda. Mpira wa televisheni. Binti yake alipolia mapajani mwake nikasema, muone baba alivyofarijika. Kila jambo nililifikiria upya na sikulipatia jibu, wala sikuthubutu kumwuliza.

Jumamosi saa nne ikafika. Nilimshusha uwani kwa mazoea tu, sikujua nimpeleke wapi kwingine. Pale palipokuwa na gari palibaki doa la oili na ule unga mweusi wa ukoko, mvua ilikuwa haijaupeleka. Nikamweka penye jua, nikaleta ndoo nikaipindua nikakaa mbele yake. Jirani alikuwa akianika nguo. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa maishani mwangu, mpaka nikasikia anavyopumua.

Kisha nikanyoosha mkono nikagonga ubao wake. Mara moja.

Alinitazama. Sijui kama aliwahi kunitazama hivyo tangu augue, au alinitazama hivyo kila siku na mimi nilikuwa naongea. Nikangoja. Nikagonga tena, mara moja. Washa. Mimi nipo. Nimejifunza, nimechelewa lakini nimejifunza, sema nami.

Mkono ukainuka. Bila gari, bila injini, uliinuka kwa ajili yangu. Ukashuka juu ya ubao polepole, ukagonga, nami nikahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Ukapumzika. Kisha ukarudia, tatu, ili nisije nikakosea.

Jirani akauliza kutoka kwenye kamba yake, "Mama, mzee anapiga makofi tena?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikakumbuka tatu ni zima, nikaufunga.